Punda Afe, Ngozi Ing'ae

Kikopo chenyewe kilikuwa kidogo, kinaenea kiganjani. Aliyekileta studio kwangu Mombasa ni mwenye duka la vipodozi la mtandaoni, na agizo lake lilikuwa moja: "Nataka ngozi ing'ae." Alimaanisha ngozi ya msichana aliyekuja naye, ambaye angekishika kikopo karibu na shavu. Kazi ya namna hiyo naifanya hata nikiwa na usingizi. Taa kubwa moja kushoto, mbele yake kitambaa cheupe. Kulia ubao mweupe wa kurudisha mwanga. Maji yaliyochanganywa na glisirini yanapuliziwa kwenye kioo ili matone yasikauke upesi. Na mafuta kidogo shavuni, pale mfupa unapopanda. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumemaliza na nimeshalipwa.

Usiku nikawa nahariri. Nimeikuza picha ili nifute vumbi kwenye lebo, nikakutana na maneno madogo ambayo mchana sikuyaona: Colla Corii Asini. Kilatini sikukisoma popote, ila lile neno la mwisho lilinikaa vibaya. Nikaliandika kwenye simu. Gundi ya ngozi ya punda.

Asubuhi nilimtumia mteja picha zake kama tulivyokubaliana. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanidhania ushujaa.

Mimi nimelelewa kwa pesa ya punda. Mjomba wangu kule Lamu alikuwa na wawili, akipakia mchanga na saruji kwenye shogi, yale matandiko ya punda yenye mifuko pande mbili, kutoka gatini mpaka kwenye nyumba zinazojengwa, kwa vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana na mizigo yao mmoja hana budi kurudi kinyumenyume. Sare yangu ya shule ilitoka kwenye mgongo ule. Kamera yangu ya kwanza, ya mtumba, yenye lenzi iliyoota ukungu, ilitoka hapo hapo. Punda wa Lamu wana hospitali yao mbele ya bahari tangu miaka ya 1980, iliyofunguliwa na shirika la Waingereza, na sisi watoto tulikuwa tukichekana kwamba punda humpata daktari upesi kuliko bibi zetu. Wakati wa Maulidi hushindanishwa mbio, mji mzima ukashangilia. Kwa hiyo mnyama huyu nilidhani namjua. Haikunipitia akilini hata siku moja kwamba ana kitu cha kuuza zaidi ya mgongo wake.

Gundi ile Wachina huiita ejiao, na wameitumia kwa karne nyingi kama dawa ya kuongeza damu. Ngozi inalowekwa, inaondolewa manyoya, inachemshwa hadi itoe ute, kisha ute unakaushwa mpaka unakuwa vipande vyeusi vinavyometa kama halua iliyokaa. Kilichobadilika ni wingi. Wenye pesa wameongezeka, na ejiao imetoka kwenye duka la dawa ikaingia kwenye peremende, kwenye vinywaji vya wanaotaka uso laini, na kwenye krimu kama ile niliyoipiga picha. China yenyewe ilikuwa na punda kama milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sasa hawafiki milioni 3. Na punda si kuku. Jike hubeba mimba mwaka mzima, pengine na zaidi, akazaa mtoto mmoja. Wa kwao walipopungua, wafanyabiashara wakageukia huku kwetu.

Huku kwetu maana yake ni Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana, palipofunguliwa machinjio manne ya punda kuanzia 2016. Shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, lilihesabu punda 301,977 waliochinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Sensa ya 2009 ilikuta nchini punda milioni 1.8, ya 2019 ikakuta milioni 1.2 hivi. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa napiga picha za harusi na vikopo. Habari za wizi wa punda nilizisikia redioni, nikaziweka kwenye fungu la mambo ya bara.

Nikaanza kutaka kulipiga picha jambo hili, picha za kutundika ukutani. Zile za kisanaa nilizowahi kuziona kuhusu wanyama na urembo zilikuwa za kwao Wazungu: mwanamke aliyevaa koti la manyoya linalochuruzika rangi nyekundu, mwanamitindo aliyefungwa kwenye plastiki kama nyama ya dukani. Zina nguvu, sikatai, lakini Mombasa mwezi wa Februari ukimwambia mtu asivae manyoya atakutazama tu. Sisi tuna yetu. Mabibi zetu walivaa bangili za pembe na kuchana nywele kwa vitana vya gamba la ng'amba, na utajiri wa Unguja katika karne ya 19 ulibebwa sana na pembe za ndovu zilizokwenda kuwa vitana na vibonyezo vya piano Ulaya na Marekani. Pwani haina mikono misafi. Lakini pembe ni kesi iliyokwisha kusikilizwa. Serikali ilichoma tani 105 hadharani kwenye mbuga ya Nairobi mwaka 2016 na kamera za dunia nzima zilikuwepo. Punda hakuna aliyekuwa akimtazama, labda kwa sababu tunamwona kila siku.

Kijana anayenisaidia studio kwao ni upande wa Naivasha, na ndiye aliyenipeleka kwa mama mmoja muuza maji, jirani yao. Mama huyu punda wake aliibwa usiku, mwaka 2019. Asubuhi ya pili watoto waliokuwa wakienda shule walimkuta kichakani, amechunwa kuanzia shingoni hadi miguuni. Nyama haikuguswa.

"Wangekula nyama ningesema walikuwa na njaa," aliniambia.

Mkokoteni wake ulikuwa ukibeba mitungi 12 ya lita 20 kwa safari moja. Siku niliyofika alikuwa akibeba mmoja, mgongoni, kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Alinionyesha alama ya mkanda ule, mfereji mdogo chini ya kitambaa cha kichwa, akaucheka mwenyewe. Safari 12 haziingii kwenye siku moja, kwa hiyo alikuwa akienda nne, tano akipata nguvu, na wateja waliobaki walikuwa wamehamia kwa vijana wa pikipiki. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji ule Februari 2020, mahakama ikaja kuubatilisha uamuzi huo mwaka uliofuata. Mambo hayo alikuwa anayajua kuliko mimi, kwa tarehe.

Alichokuwa nacho cha punda wake ni vitu vitatu ndani ya gunia: hatamu ya kamba ya nailoni, mkanda wa shingoni uliokatwa kwenye tairi kuukuu, na ukwato mmoja. Ule ukwato hakujua kwa nini aliuweka. Akaniazima vyote bila maswali mengi.

Wazo langu lilikuwa rahisi na nilijiona nina akili sana. Nitavipiga picha vitu hivi kwa mwanga ule ule wa vikopo. Taa ile ile, kitambaa kile kile, matone yale yale ya glisirini. Mtu akiiona picha ajue ni tangazo la vipodozi, asogee, ndipo aone anachokitazama. Damu niliikataa tangu mwanzo, maana picha ya damu mtu huipita kama anavyopita ajali barabarani, ametupa jicho moja, ameshukuru si yeye. Ukwato niliuweka juu ya akriliki nyeusi. Nilimaliza siku mbili nikihangaika na mstari mmoja wa mwanga kwenye ukingo wake, mpaka ulipotulia mwembamba kama uzi wa fedha. Mikunjo ya kwato, ambayo hukua kama miaka kwenye mti, ilijitokeza yote. Mkanda wa tairi nao ulikuwa umeng'arishwa na jasho la shingo mpaka unameta kama ngozi ya kiatu kipya.

Picha zilikuwa nzuri mno. Tatizo lake sikuliona mpaka zilipotundikwa.

Rafiki alinipa chumba kwa wiki moja, nikaziita picha "Ngozi", kwa sababu lugha yetu imelitatua suala lote kwa neno moja: ya shavuni na ya mnyama aliyechunwa zina jina lile lile. Nilidhani neno litafanya kazi. Siku ya pili akaja mama mwenye saluni, nadhifu, ananukia, akasimama mbele ya ukwato muda mrefu kuliko mtu yeyote. Moyo ukanidunda. Akanigeukia: "Dada, hii ni brandi gani?" Nikamweleza. Akasikitika kwa dhati kabisa, akatikisa kichwa, akasema masikini punda, kisha akauliza bei. Alitaka kuitundika saluni, ukuta wa nyuma ya vioo, kwa vile rangi zake zingeshikana na viti.

Nilimuuzia. Elfu kumi. Nusu niliituma Naivasha siku hiyo hiyo, na bado kila nikiikumbuka ile nusu nyingine naona kama nimekula.

Ilinichukua muda kukubali kilichotokea. Mwanga wa tangazo umetengenezwa kwa kazi moja, kumfanya mtu atake. Nilidhani nimeugeuza ufanye kazi yangu, kumbe ulikuwa ukifanya yake kama kawaida. Mbinu inayouza krimu iliuza ukwato, na ingeuza hata jeneza. Wenzangu wa picha wanaopenda kusema "nimetumia lugha ya matangazo kuyashambulia matangazo" nawaonya kwa upole: lugha hiyo ina mwenyewe, na ukiisema kwa ufasaha sana unamtumikia.

Siku ya mwisho ya maonyesho kukaja wanafunzi wa sekondari na mwalimu wao. Nilikuwa nimewaeleza habari za ejiao, za mimba ya mwaka mzima, yote, msichana mmoja akanyoosha mkono. Mimi siku ile nilikuwa nimejipamba, ndiyo, mgeni rasmi ni mimi mwenyewe. Akauliza, "Na hiyo brashi uliyojipaka poda, ni nywele za nini?"

Wakaangua kicheko. Mwalimu akamkemea, nikamzuia. Sikuwa na jibu.

Nyumbani nilimwaga mkoba wangu wa vipodozi kitandani na kusoma lebo moja baada ya nyingine kwa kioo cha kukuzia cha kazini. Brashi ya poda: manyoya ya mbuzi. Lipstiki nyekundu ninayoipenda: karimini, rangi inayotokana na vijidudu wanaoishi kwenye mipungate, wanakaushwa na kusagwa. Mafuta ya midomo: nta ya nyuki na lanolini, yaani mafuta ya sufu ya kondoo. Krimu ya usiku ilikuwa na skwaleni, aina ya mafuta, na haikusema imetoka kwenye zeituni au kwenye maini ya papa. Kwa hiyo kitandani pangu kulikuwa na zizi dogo. Ukweli ni kwamba vitu hivi havilingani, na mimi sitaki kuvilinganisha kwa ajili ya kujipiga kifua: mbuzi aliyechinjwa Idi akaliwa na nyumba nzima hawezi kuwa sawa na punda aliyetupwa kichakani nyama yote. Na nyuki hadai kitu. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya watoto kama shahidi, nikaonekana mshtakiwa.

Nilimpigia mjomba kumsimulia, nikitarajia huruma. Nilipofika kwenye maini ya papa alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, ina maana mnajipaka sifa usoni?"

Asiyejua sifa na ashukuru. Ni mafuta ya maini ya papa, yanayopakwa majahazi mbao zisiliwe na maji na dudu wa baharini, na jina lake halifanani na harufu yake hata kidogo. Ukiyashika leo, kesho kutwa mkono bado unakusengenya. Nilikwenda Lamu nikapewa kopo la sifa na fundi wa majahazi. Nikaweka mezani, uani kwa mjomba, kopo la sifa lililoota kutu, pembeni krimu yangu ya usiku, brashi, lipstiki, na shogi kuukuu ya punda kama kitambaa cha meza. Sikuwasha taa. Jua la saa kumi lilikuwa likiingia juu ya ukuta wa matumbawe, na nzi wakaja kwenye kopo, nikawaacha. Picha hiyo nikiitazama naona mkoba wangu mwenyewe, na ndiyo pekee ya kipindi kile ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza bei yake.

Nikarudi Naivasha kurudisha gunia, na kujaribu tena. Safari hii nilitaka mtu, yule mama na mtungi wake. Alikubali. Tulitoka alfajiri, kwa ajili ya ukungu unaotoka upande wa ziwa, nao ulikuwa mzuri, umelala juu ya njia kama shuka. Nikamwomba apite na mtungi. Akapita. Mwanga ulikuwa haujafika, nikamwomba arudie. Akarudia. Mara ya tatu kulipita pikipiki nyuma yake ikaniharibia. Nilikuwa nimepiga goti kwenye nyasi zenye umande, jicho kwenye kamera, nasema kama ninavyosema studio: vizuri sana, mara moja tu tena, kidevu juu kidogo.

Mara ya nne akasimama katikati ya njia. Akautua mtungi taratibu, ulikuwa umejaa, lita 20 za maji ambazo hazikuwa na mnunuzi asubuhi ile. Akafungua mkanda kichwani.

"Mwanangu," akasema, "kwani na wewe umenigeuza punda?"

Hakuwa amekasirika, na hilo lilinichoma zaidi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua bei ya kitu. Nilisimama, magoti yameloa, sina la kusema isipokuwa samahani mama, nikaisema. Mtungi niliubeba mimi kurudi nyumbani kwake. Niliutua mara sita. Kijana wangu alitaka kunipokea, mama akamwambia aniache.

Tulipokwisha kunywa chai akauliza picha ninazozitaka ni za nini hasa. Nilipomweleza akafikiri, akasema yeye hapendi kuonekana amebeba. Watu wa kanisani watamwona. Kama ni picha na iwe picha. Akaingia ndani, akakaa huko karibu nusu saa, akatoka na gauni la bluu la Jumapili, kilemba kipya, na kopo la mafuta ya mgando mkononi. Akaketi juu ya mkokoteni ule mtupu, mikono ya mkokoteni imelala chini kwenye vumbi kati ya miguu yake, akaanza kujipaka: mikono kwanza, kila kidole peke yake, kisha viwiko, kisha shingo, na mwisho uso, akisugua zaidi pale kwenye mfereji wa paji la uso. Hakunitazama. Nilipiga picha kumi na moja tu, bila kumwambia neno, na mwanga ulikuwa mbaya, wa saa tano, unaotia vivuli chini ya macho. Katika picha ya tisa kiganja kimefunika nusu ya uso, na mafuta yanang'aa kwenye nyufa za vidole kama maji kwenye ardhi kavu.

Ndiyo niliyoichapisha kubwa. Nakala ya kwanza ni yake. Aliniambia ameitundika sebuleni chini ya kalenda, na kwamba padri ameisifia.

Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana Addis Ababa kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15. Nilimpigia kumpa habari nikidhani nitakuwa wa kwanza. Alikuwa ameshaisikia. Alichotaka kunieleza ni kwamba amenunua punda, jike, bado mdogo, kwa pesa za chama na zile nilizokuwa nikimtumia picha zikiuzwa. Marufuku ni ya wakubwa, akasema, wezi hawakualikwa kwenye mkutano. Kwa hiyo punda analala jikoni. Kamba yake inapita chini ya mlango, na ncha yake ameifunga kwenye mguu wa kitanda.

Wiki mbili baadaye aliniletea picha kwa WhatsApp, aliyoipiga mwenyewe usiku kwa simu ya mwanawe. Fleshi imepiga ukuta. Kuna sikio moja, sehemu ya sufuria, jicho linalorudisha mwanga kama taa ya baiskeli, na kona yote ya juu imezibwa na kidole chake. Nimejaribu mara mbili kuifungua kwenye programu ya kuhariri nikaifunga bila kugusa kitu. Iko ukutani studio, mkabala na mlango, na kidole chake hivyo hivyo. Wateja wa vikopo wakiingia huniuliza ni nani aliyeharibu picha ile.